Kila mtu ananambia "mtegemee Mungu". Naomba mnifundishe namna yake

#1 Taitai (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum wana barza, na wasiokuwa Waislamu hamjambo.

Mie ni mtu wa Kiuyu, Micheweni, Pemba, mkulima wa mwani. Humu huwa nasoma tu nikapita. Leo nimeshindwa kupita.

Mume wangu kaanguka mkarafuu. Alikwenda Mtambwe kuchuma kwa pishi kama anavyokwenda kila msimu, maana sie wa mashariki huku ni mawe matupu, karafuu ziko kwa wenzetu. Tawi limekatika naye yuko juu yake. Wete wakampokea, kisha Unguja, wiki 5. Uti wa mgongo. Karudi nyumbani hai, alhamdulillahi, kichwa kizima, mikono mizima, ila kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna habari. Ana mpira wa mkojo. Ana miaka 38.

Daktari kanambia nimgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asije akatoka vidonda vya kulala. Kwa hivyo ni saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Ikiadhiniwa alfajiri nimeshaamka mara nne. Na bamvua likija lazima niteremke baharini, mwani haujui kama nyumbani kuna mgonjwa.

Lakini sikuja kuwalilia hayo. Kila anayekuja kututazama anasema mtegemee Mungu, Mungu hamtupi mja wake. Naitikia inshaallah. Akishatoka mlangoni najiuliza, namtegemea vipi? Nikae vipi, nihisi nini? Maana saa nane za usiku, nimemshika ubavu na machozi yananitoka, naona kabisa kuwa simtegemei mtu wala Mungu, naogopa tu. Juzi nilimwambia Mola kwa sauti, "mbona sie?" Halafu nikaogopa zaidi kwa kuwa nimesema. Nimekufuru?

Anayejua anambie, lakini tafadhali asinambie "subiri". Subira nnayo. Namna ndiyo sina.

#2 Yakhe wa Konde

Pole sana mama. Mungu yuko pamoja na wenye kusubiri. Mtegemee yeye tu.

#3 Pakacha

Yakhe, umesoma lakini?

#4 Yakhe wa Konde

Nimesoma nusu. Samahani mama, wallahi.

#5 Taitai

Usijali mwanangu. Umenichekesha, na nina siku nyingi.

#6 Mwalimu wa Chuo

Wa alaykum salaam dada yangu. Nimesomesha chuo cha Qur'ani miaka 22 na swali lako sijaulizwa na mtu mzima hata mmoja. Watoto ndio huuliza hivi, na huwa tunawanyamazisha.

Nianze na la kukufuru, kwa sababu naona ndilo linalokula kale kausingizi kalikobaki. Nabii Yaaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, wanawe wakamlaumu. Akawajibu kuwa huzuni yake anaishitakia kwa Mwenyezi Mungu. Imo katika Suratu Yusuf, na hakukemewa. Hakusema hana huzuni. Alisema anajua pa kuipeleka. Sasa wewe saa nane ile ulimwambia nani "mbona sie"? Hukumwambia jirani, hukumwambia mganga. Ulikuwa unazungumza na Mwenyewe.

La pili ni hiyo namna. Sisi tumezoea kudhani kuwa aliyetawakali, yaani aliyemtegemea Mungu, moyo wake hutulia kama bahari ya maji mafu. Mimi nikisoma sioni hivyo. Bibi Maryam alishikwa na uchungu peke yake chini ya mtende, akatamani bora angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Maneno yake hayo, yamo katika sura yenye jina lake, na ni mwanamke bora. Aliambiwa nini? Atikise shina la mtende. Hebu nyie watu wa Pemba, mnaujua mnazi, na mtende si mdogo wake sana. Wanaume wanne walioshiba hawautikisi. Atautikisa mwanamke aliye katikati ya uchungu? Mungu aliyempa mtoto bila ya mume hakushindwa kumwangushia tende bila ya mkono wake. Nguvu za mkono ule hazikuwa na hesabu yoyote katika kuanguka kwa tende, na bado mkono ulitakiwa.

Ayyub naye, katika Suratu Saad, mgonjwa wa siku nyingi, aliambiwa apige chini kwa mguu wake. Mguu wa mgonjwa! Ndipo maji yakatoka.

Kwa hivyo ukiniuliza iko wapi tawakuli yako, mimi naiona kwenye huo mkono unaomgeuza saa nane. Unalia, unaogopa, na unautikisa mtende. Usingoje uhisi kitu kwanza.

#7 Taitai

Mwalimu, nimesoma mara tatu. Nimemsomea na mwenyewe. Kasema Bibi Maryam alipewa mtende, yeye kapewa mkarafuu wenye mchwa.

#8 Pakacha

Huyu mgonjwa atapona, ulimi uko kazini.

#9 Msitu wa Ngezi

Tusidanganyane hapa. Mkarafuu ule una wenyewe. Kapanda bila kubisha hodi na wenyewe wamekasirika. Hospitali watakusumbua bure, tafuta mtu anayejua mambo ya kikwetu akatoe sadaka pale chini ya mti, mumeo ataamka. Hiyo ndiyo tiba, na hayo mengine mzigo tu.

#10 Taitai

Kaka, lile tawi nimekwenda kuliangalia kwa macho yangu. Ndani unga mtupu, mchwa walishalimaliza zamani. Kama lina wenyewe basi wenyewe ni mchwa, na mchwa hawapokei kuku.

#11 Mwalimu wa Chuo

Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza, unakimbia kadari ya Mungu? Akamjibu: ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Daktari aliyesema saa mbili mbili naye ni kadari. Mshike huyo.

#12 Mtoto wa Tumbe

Tumsomee dua ya halbadiri jamani, niko tayari kuchangia ubani na kahawa.

#13 Sunna Tupu

Halbadiri haina asili, rudini kwenye mafundisho

#14 Mwalimu wa Chuo

Hilo tulifungulie uzi wake siku nyengine. Mgonjwa hana haja na ugomvi wetu. Mtoto wa Tumbe, pesa ya ubani mpelekee sabuni na maziwa. Kisha kila mtu aombe kwa anavyojua.

#15 Hoja Tu

Mwalimu kasema vizuri lakini mimi siwezi kumaliza hapo. Kama Mungu anampa mke nguvu ya kumgeuza mumewe, si angelishika lile tawi tu? Mara moja, nusu saa, mpaka mtu ateremke. Simkejeli mtu. Baba yangu alikufa nyumba nzima tuko kwenye msala, tunaomba. Nataka mtu anijibu bila kunitisha moto.

#16 Sunna Tupu

Mods mtoeni huyu

#17 Taitai

Mwacheni. Nimeuliza hilo hilo, mie tu nimelizungusha kwa adabu.

#18 Abiria

Nilikuwa sitaki kuandika. Nimefungua uzi huu mara tano tangu juzi nikaufunga.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, nilikuwa ndani ya meli ya Spice Islander. Nilikuwa na miaka 19, tumekula Sikukuu Unguja, tunarudi kwetu. Mkondo wa Nungwi mnaujua. Meli ilipoanza kulala upande mmoja, ilikuwa inasoma yote. Shahada, Yaasin, dua ya Nabii Yunus, watoto wanaita mama. Sijasikia ombi kama lile maishani mwangu na sitaki kulisikia tena. Maiti zilizohesabiwa mwanzo ni 203, na tume ilipokuja kukaa ikakuta watu zaidi ya elfu moja hawakuonekana tena. Wote waliomba. Ndiyo maana mtu akinambia wewe uliokoka kwa kuwa ulimuomba Mungu, namuomba anyamaze. Hajui anawatukana watu gani.

Nilishika godoro. Halikuwa langu, kuna mtu alikuwa kalinunua mjini anampelekea mtu wake. Tulikuwa wanne juu yake, tukapambazukiwa watatu. Kwa nini watatu na kwa nini mimi ni mmoja wao, sijui. Hoja Tu, swali lako nimekaa nalo miaka mingi, sasa hivi mimi nalo tumezoeana, tunasalimiana asubuhi kila mmoja anakwenda kazini kwake.

Ninachokijua ni kidogo. Mwanzo nilikuwa nauliza kwa nini, kwa nini, na kila nikiuliza vidole vinalegea. Kuna wakati nikachoka kuuliza. Nikamwambia: wewe upo, mimi nipo, nifikishe kwenye wimbi lile linalokuja. Likipita, nifikishe kwenye jengine. Sikumuomba Nungwi wala asubuhi, vilikuwa mbali mno. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa naye. Yote mawili kwa pamoja, mpaka alfajiri.

Wavuvi ndio waliotutoa. Mzee mmoja kavua fulana yake kanivisha, kanipa chai ya tangawizi, hakusema neno hata moja. Nimesikiliza mawaidha mengi baada ya pale, mazuri. Ninayemkumbuka ni yule mzee na fulana yake iliyonuka dagaa.

Taitai, saa nne ifikie saa sita. Saa sita ifikie saa nane. Usiombe mwaka mzima kwa mara moja. Na angalia ujumbe wako wa faragha.

#19 Hoja Tu

Sina la kusema. Ahsante.

#20 Pakacha

Nami nimekosa utani leo.

#21 Muuguzi wa Mkunazini

Dada Taitai, mimi ni Mkristo, muuguzi mstaafu, nakaa karibu na kanisa la Mkunazini hapa mjini. Nakuja na mambo ya kitandani kwanza.

Ukimgeuza usimburute, ngozi inachunika bila nyinyi kuona na yeye hasikii. Mnyanyue na shuka chini yake, watu wawili wakipatikana ni bora. Mto mmoja kati ya magoti, mwengine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Kila ukimgeuza tazama mkiani, nyonga, visigino na vifundo. Pakiwa pekundu na ukibonyeza pabaki pekundu, usimlaze upande huo. Maji anywe mengi kwa ajili ya mpira wa mkojo. Na hiyo mikono yake mizima usiiache ilale! Mchana mtafutie kamba au mti wa kushika, ajinyanyue mwenyewe kidogo kidogo. Mtu aliyekuwa anapanda mikarafuu ana mikono ya kumwonea wivu.

Sasa hilo jengine. Zaburi ya 121 inaanza kwa mtu kuinua macho kwenye milima na kuuliza msaada wake utatoka wapi. Inaanza kwa swali, dada, kama uzi wako. Mbele kidogo inasema anayekulinda hasinzii wala halali. Nilipokuwa zamu za usiku wodini nilikuwa nalishika neno hilo moja tu. Saa nane za usiku, wagonjwa wamelala, daktari kalala, hata mlinzi getini kalala, nikijua kuna mwengine mmoja yuko macho.

Kwa ndugu Hoja Tu: kanisa letu limejengwa pale lilipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873. Huwa nakaa kwenye benchi nawafikiria waliouzwa mwaka 1872. Nao waliomba. Sina jibu, lakini siendi kukaa kanisa jengine.

#22 Mama Kamba (Jambiani)

Mwenzangu wa mwani, huku Jambiani na Paje tumeanza kilimo hiki tangu mwaka 1989, kwa hivyo nisikilize kama dada mkubwa. Mwani wa kotonii najua huna, maji yamechemka na umekufa pahala pengi, bila shaka unashika ule wa spinosamu, na bei yake tunaijua. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Wanawake wenzio hapo ufukweni wanajua kuwa unaamka mara nne kila usiku?

#23 Taitai

Wanajua kaanguka. Hayo ya usiku sijawaambia. Naona haya. Kila mtu ana lake, na mimi sijazoea kuwa mtu wa kuombewa msaragambo.

#24 Mama Kamba (Jambiani)

Nilijua tu.

Mie nilipofanyiwa upasuaji nilinyamaza hivyo hivyo bamvua zima. Mwani wangu ukang'oka, ukaenda na maji, nikawa nakaa ndani na tasbihi nikisema Mungu ataleta. Mama mmoja akaja kanikalisha kitako. Kanambia, "Mungu ashaleta, tuko ishirini hapo pwani tumekaa na mikono yetu, weye umefunga mlango." Niliona aibu ya kweli. Bamvua la pili walikuwa kwenye vijiti vyangu wanafunga taitai, zile kamba ndogo za mwani, na nyimbo juu, mimi nimekaa nchi kavu nawakosoa.

Waambie, mwanangu. Huwezi kumuomba Mola msaada kisha unawaficha watu pa kuupitishia.

#25 Sheha Mstaafu

Naingia kwa jambo moja. Aliyeanguka mkarafuu wakati wa mavuno kuna utaratibu wa serikali wa fidia. Umeufuata? Nenda kwa sheha wako, kiongozi wa mtaa, akuandikie barua, chukua vyeti vyote vya hospitali, Wete na Unguja, na mashahidi wawili waliokuwepo shambani. Usingoje msimu umalizike wachumaji wakatawanyika. Nimeona watu wengi wakiacha haki hii kwa kusema "tumemuachia Mungu". Mungu umwachie yake, ya ofisini uyafuate.

#26 Taitai

Nimerudi baada ya siku tisa, samahanini.

Nimewaambia. Nilikuwa nafunga kamba, nikasema tu bila kumtazama mtu, "mie silali". Kukawa kimya, kisha mmoja akauliza tangu lini. Jioni walikuwa wamepanga zamu. Mchana, tukiwa baharini, kijana wa jirani aliyemaliza skuli ndiye anayemgeuza. Usiku, saa sita anakuja shemeji yangu. Saa nane bado yangu, sikutaka kuitoa. Mama mkwe kanipa nusu ya pencheni jamii yake ya wazee, nikakataa, akalia, nikapokea.

Barua ya sheha ninayo. Vyeti vya Wete vimepatikana, vya Unguja bado.

Nisidanganye watu, hali yake ni ile ile. Miguu haina habari. Kuna siku kavunja kikombe ukutani akalia mpaka jioni, sikumwambia subiri. Nilikaa. Halafu juzi usiku namgeuza, kanambia "weye mwanamke, unanigeuza kama chapati". Tukacheka mpaka mama mkwe akaamka akidhani kuna msiba.

Mwalimu, bado naogopa. Nilidhani nikifundishwa namna nitaacha kuogopa.

#27 Mwalimu wa Chuo

Sikusema hivyo dada yangu. Hata Nabii Musa aliogopa alipoona zile fimbo na kamba za wachawi, na alikuwa ameshazungumza na Mungu uso wa mlima.

#28 Hoja Tu

Taitai, vyeti vya Unguja nitumie namba ya faili kwa faragha, nipo mjini, nitakwenda kuvifuatilia Jumatatu. Swali langu lipo pale pale lakini Jumatatu sina kazi.

#29 Abiria

Godoro la hewa limepanda meli ya leo. Nimelifunga kamba mara mbili na jina lako nimeliandika kwa wino mwekundu. Mtu wangu atalipokea Mkoani, atalipakia gari ya Chake, kutoka Chake litakuja na gari ya Micheweni.

#30 Abiria

Nimeona pampu yake sasa hivi. Iko mezani kwangu. Astaghfirullah.

#31 Taitai

Limefika! Watoto wameshalilalia kabla ya mwenyewe. Kaka Abiria, Mungu akulipe, sijui niseme nini kwako hata nikitafuta. Pampu ya baskeli inafaa?

#32 Muuguzi wa Mkunazini

Kama mdomo wake unaingia, inafaa. Ila msilijaze likawa gumu kama meza. Akishalala, pitisha mkono chini ya godoro, usawa wa kiuno. Pakibaki unene wa kama kidole gumba kabla ya kugusa kitanda, panatosha. Na kumgeuza usiache! Muulize daktari kwanza kama saa za usiku zinaweza kuachana kidogo.

#33 Taitai

Unaingia, tumeuzungushia kitambaa. Kijana wa jirani yuko uani anapiga pampu, mgonjwa yuko dirishani anamhesabia kwa sauti na kumgombeza akipumzika. Wamefika 140.